Mtoto na Kamera ya Filamu: Kutoka Kivuli Hadi Picha ya 36

Upigaji picha wa filamu ni kazi ya mwanga na dawa. Mwanga hupita kwenye lenzi na kugusa mkanda uliopakwa utando mwembamba wa jelatini wenye chembechembe za chumvi za madini ya fedha. Pale mwanga ulipogusa hubaki alama ambayo jicho haliwezi kuiona. Dawa ya kwanza huitokeza alama hiyo, dawa ya pili huikaza isiharibike, na maji safi humalizia kazi. Mtoto anayekua na simu ya kisasa hakutani na hatua hata moja kati ya hizo: anagusa kioo, picha inatoka, na asipoipenda anaifuta na kupiga nyingine. Kamera ya filamu humpitisha kwenye kila hatua kwa mpangilio wake, na humdai jambo ambalo simu haimdai: atazame kwanza, aamue, kisha ndipo abonyeze.

Sharti hilo linatokana na hesabu. Mkanda wa kawaida wa milimita 35 hutoa picha 24 au 36, basi. Kila picha imelipiwa, na iliyopigwa haifutiki. Wazazi wengi wa Afrika Mashariki waliokua kabla ya simu za kamera wanaijua hesabu hiyo vizuri: picha mbili za Idi, tatu za ubatizo, moja ya mgeni aliyetoka safari, kisha kamera inarudi kabatini mpaka mkanda uishe ndipo upelekwe studio kusafishwa. Mtoto wa leo anaweza kurithishwa nidhamu hiyo, mradi hatua zifuatwe kwa utaratibu unaolingana na umri wake.

Kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto

Wazo la kumpa mtoto kamera lina zaidi ya miaka mia moja. Februari 1900, kampuni ya Kodak ya George Eastman, mjini Rochester nchini Marekani, ilitoa kamera iitwayo Brownie, iliyosanifiwa na Frank Brownell. Ilikuwa kisanduku cha kadibodi kilichofunikwa kwa ngozi ya bandia, chenye lenzi sahili na ufunguo wa kuzungushia mkanda. Bei yake ilikuwa dola 1, na mkanda wake wa picha 6 uliuzwa kwa senti 15. Jina lake lilitokana na vijitu vya hadithi za watoto vilivyochorwa na Palmer Cox, na matangazo yake yaliwalenga watoto waziwazi. Kifaa kilichokuwa cha mafundi na watu wenye uwezo kikawa kitu ambacho mtoto anaweza kwenda nacho mtoni, uwanjani au kwa bibi yake.

Baadhi ya watoto hao hawakuiacha kamera tena. Ansel Adams, aliyekuja kuwa bingwa wa picha za mandhari za rangi nyeusi na nyeupe, alipewa Brownie mwaka 1916 akiwa na miaka 14, familia yake ilipotembelea bonde la Yosemite huko California. Bonde hilo aliendelea kulipiga picha kwa miongo mingi. Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alianza na Box Brownie ya mtumba akiwa bado mwanafunzi. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix, na mwaka 1984 picha alizochukua za njaa ya Ethiopia zilizunguka dunia na kuchochea misaada mikubwa.

Kabla ya kamera, mwanga

Mtoto wa miaka 5 au 6 hana haja ya kamera bado. Anachohitaji ni kuelewa kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, na chumba chochote chenye dirisha kinatosha kumwonyesha. Dirisha huzibwa kwa kadibodi au blanketi zito mpaka giza litande, kisha kwenye kadibodi hutobolewa tundu lenye upana wa sentimita 1 hivi. Jua likiwa kali nje, ukuta wa upande wa pili hupokea picha ya mtaa: mnazi, bodaboda, nguo zilizoanikwa, vyote vikiwa kichwa chini miguu juu, vikitikisika na kutembea kwa rangi zake halisi. Ibn al-Haytham, mwanazuoni mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo na kufariki karibu mwaka 1040, alilichunguza jambo hili na kulieleza. Mwanga unaotoka kileleni mwa mnazi hunyooka hadi kwenye tundu na kutua chini ukutani. Ule wa shinani hupita hapo hapo na kutua juu. Mtoto anayeuliza kwa nini watu wamepinduka amefika penyewe, na jibu anaweza kulichora kwa mistari miwili.

Hatua inayofuata ni picha isiyo na kamera. Mwaka 1842 mwanasayansi Mwingereza John Herschel alibuni sayanotaipu, picha za bluu zinazotokana na chumvi za chuma. Mwaka uliofuata Anna Atkins, mtaalamu wa mimea, aliitumia njia hiyo kuchapa picha za mwani, na kitabu chake huhesabiwa kuwa cha kwanza chenye picha zilizochapwa kwa mwanga. Dawa zake ni mbili: amoniamu feri sitreti na potasiamu ferisianidi. Mtu mzima huziyeyusha na kuzichanganya akiwa amevaa glovu, hupaka karatasi kwa brashi, na kuiacha ikauke gizani. Dawa hizi zisiwekwe karibu na asidi kali wala moto.

Baada ya hapo kazi ni ya mtoto. Jani la mpapai, ua, unyoya wa kuku au kipande cha lesi hulazwa juu ya karatasi, kioo huwekwa juu yake, na vyote huanikwa juani. Kwa jua la mchana la ukanda wa Ikweta dakika chache zinatosha. Karatasi iliyokuwa na rangi ya kijani cha manjano hugeuka kijivu. Ikioshwa kwa maji ya kawaida, sehemu zilizopigwa na jua huwa bluu iliyokoza, na pale jani lilipolala hubaki peupe. Mtoto ameshapata somo la pili: mwanga huandika, na kivuli huacha nafasi wazi.

Somo la tatu ni kamera ya kopo. Kopo la maziwa ya unga hupakwa rangi nyeusi ndani. Ubavuni hutobolewa dirisha dogo, nalo huzibwa kwa kipande cha bati la kopo la soda kilichotobolewa kwa ncha ya sindano. Kopo lenye upana wa sentimita 12 huhitaji tundu la karibu nusu milimita. Utepe mweusi wa fundi umeme ndio mlango wake, na mfuniko ukiwa wa plastiki hufunikwa kwa karatasi nyeusi au utepe huo huo usipitishe mwanga. Ndani, upande unaotazamana na tundu, huwekwa kipande cha karatasi ya picha ya rangi nyeusi na nyeupe chini ya taa nyekundu. Kopo huwekwa juu ya ukuta au jiwe lisitikisike, utepe hubanduliwa, na mtoto huhesabu kwa sauti: juani, nusu dakika hadi dakika moja, kivulini, muda mrefu zaidi. Karatasi ikisafishwa hutoa picha iliyogeuka, yenye anga jeusi na vivuli vyeupe. Hapo mtoto anajua negativu ni nini kwa sababu ameitengeneza mwenyewe.

Kuchagua kamera ya kwanza

Kuanzia miaka 7 au 8 mtoto anaweza kushika kamera yake. Rahisi kuliko zote ni ile ya kutumika mara moja, aina iliyoenea tangu Fujifilm ilipotoa ya kwake mwaka 1986. Huja na mkanda ndani, kwa kawaida wa picha 27, na lenzi yake huona vizuri kuanzia umbali wa mita 1 hivi. Haina cha kurekebisha, hivyo akili yote ya mtoto hubaki kwenye kitu anachokitazama. Hadhari moja ni ya lazima: zile zenye flashi zisifunguliwe na mtoto. Ndani yake kuna kifaa kinachohifadhi umeme wa takriban volti 300, na umeme huo huweza kubaki hata betri ikiondolewa.

Kamera za papo kwa papo kama Instax hufaa watoto wadogo wasioweza kusubiri, kwa kuwa picha hujitokeza mkononi kwa dakika chache na kila pakiti ina picha 10. Upungufu wake ni kwamba hazina negativu, na hivyo picha ikipotea imepotea.

Mtoto wa miaka 9 na kuendelea anafaa kupewa kamera halisi ya milimita 35, na nyingi bado zimelala makabatini mwa wajomba na mashangazi. Kabla ya kutumika hukaguliwa mambo matatu. Kwanza, mahali pa betri pasiwe na kutu ya kijani. Pili, sponji nyeusi zinazozuia mwanga kwenye kingo za mlango wa nyuma zisiwe zimeyeyuka na kunata. Tatu, mlango wa nyuma ukiwa wazi na kamera haina mkanda, kitufe kikibonyezwa shata iliyo nyuma ya lenzi ionekane ikifunguka na kufunga.

Miongoni mwa kamera zinazofaa mikono midogo ni Olympus Trip 35, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1967 hadi 1984. Haihitaji betri, seli iliyozunguka lenzi hupima mwanga yenyewe. Mwanga ukiwa hafifu, kibendera chekundu huchomoza kwenye kidirisha cha kutazamia na kitufe hukataa kubonyea, na kwa kukataa huko mtoto hujifunza kiasi cha mwanga ambacho mkanda unakihitaji. Kamera za nusu picha, kama Olympus Pen ya mwaka 1959 na zilizoifuata, hugawa kila nafasi mara mbili, na mkanda wa picha 36 hutoa 72. Kwa familia inayobana matumizi hiyo ni nafuu kubwa.

Mkanda wa kuanzia ni wa rangi nyeusi na nyeupe wenye ISO 400, yaani kipimo cha wepesi wake wa kuhisi mwanga. Unatosha juani na kwenye mawingu, unaweza kusafishwa nyumbani, na husamehe makosa. Mkanda wa negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, hivyo mtoto akiwa na shaka aongeze mwanga.

Kutia mkanda

Sehemu inayoharibu picha nyingi za wanaoanza ni kutia mkanda, na inafaa kufanyiwa mazoezi kwa mkanda wa zamani ulioharibika. Mtoto hukaa kivulini, hufungua mlango wa nyuma, huweka kikopo cha mkanda kushoto, na kuvuta ulimi wake hadi upande wa kulia. Ulimi huchomekwa kwenye mwanya wa mhimili wa kuvutia. Meno madogo ya chuma lazima yaingie kwenye matundu ya kingo za mkanda, juu na chini. Husogeza mara moja, hutazama kama matundu yamenasa, kisha hufunga mlango.

Halafu kuna mahali pamoja pa kuweka jicho: kitasa cha kurudishia mkanda, kilicho juu upande wa kushoto. Kila mkanda unaposogezwa, kitasa hicho hakina budi kuzunguka. Kisipozunguka baada ya kukaza mkanda uliolegea, mkanda haujanasa, na mtoto anaweza kupiga picha 36 zisizokuwepo. Mkanda ukiisha hurudishwa wote ndani ya kikopo chake kabla mlango haujafunguliwa. Ukifunguliwa mapema, picha zimeungua.

Kupiga

Jua la Afrika Mashariki lina tabia yake. Saa sita mchana liko utosini, na macho ya watu hugeuka mashimo meusi. Kamera inayopima mwanga yenyewe hudanganywa na ukuta mweupe au mchanga wa pwani: huona weupe mwingi, hubana mwanga, na uso wa mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukuta huo hutoka giza bila sura. Dawa yake ni mtoto kumwita anayepigwa picha aje barazani au chini ya mwembe, kwenye kivuli chenye mwanga tulivu, au kusubiri saa kumi na moja jioni. Kwa kamera ya kurekebishwa kwa mkono kuna kanuni ya kukariri: jua kali, tundu la lenzi namba 16, na kasi ya shata inayokaribiana na namba ya ISO, yaani 1/500 kwa mkanda wa ISO 400.

Mtoto akiachwa bila kazi maalumu humaliza mkanda kwa nyuso za rafiki zake wakitabasamu. Kazi ndogo humfungua macho: mikono mitatu inayofanya kazi, njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni kwa picha tano, kitu kimoja asubuhi na jioni, mtu mmoja kwa mbali, kwa karibu, na kwa karibu zaidi. Daftari dogo huandamana na kamera, na ndani yake huandikwa namba ya picha, mahali, saa na hali ya mwanga. Picha zikitoka, daftari ndilo humweleza kwa nini ya 8 ni nzuri na ya 9 imetetema.

Adabu ni sehemu ya ufundi. Mtoto huamkia, hujitambulisha, huomba ruhusa, na akikataliwa hushukuru na kuondoka. Wapo watu wasiopenda kupigwa picha kwa sababu za imani au heshima yao, na zipo sehemu ambazo sheria inakataza. Aliyekubali anastahili kuletewa nakala yake.

Kusafisha

Mkanda husafishwa katika hatua nne: developa inayotokeza picha, maji ya kusimamisha, fiksa inayoikaza, na kuosha. Kuutoa kwenye kikopo na kuuviringisha kwenye tangi dogo hufanyika gizani kabisa, kwa kuwa mkanda wa kawaida huona hata taa nyekundu. Tangi likishafungwa, kazi iliyobaki hufanyika mezani penye mwanga. Vipimo vingi vya developa vimewekwa kwa nyuzi joto 20, ilhali maji ya bomba ya Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam huwa ya moto kuliko hapo. Chupa za dawa huwekwa kwenye beseni lenye barafu hadi kipimajoto kishuke, na maji ya kuoshea nayo yasipishane sana na dawa, maana utando wa jelatini hulainika na kuchubuka kwenye joto.

Familia isiyotaka kununua developa inaweza kutumia kahawa. Mwaka 1995 darasa moja la Rochester Institute of Technology lilionyesha kwamba kahawa ya kuyeyuka ikichanganywa na sodiamu kaboneti huitokeza picha. Baadaye ikaongezwa vitamini C ili kuongeza nguvu. Mchanganyiko unaotumika sana kwa lita 1 ya maji ni gramu 54 za sodiamu kaboneti kavu ya kufulia, gramu 16 za vitamini C ya unga na gramu 40 za kahawa ya kuyeyuka, kwa dakika 15 kwenye nyuzi 20. Sodiamu kaboneti hiyo ndiyo inayozalishwa kutokana na magadi ya Ziwa Magadi, Kenya. Magadi ghafi ya kupikia yana mchanganyiko mwingine na hayafai kwa kipimo hiki. Fiksa bado ni ya dukani. Glovu huvaliwa, chumba huwa na hewa, na vyombo vya kazi hii havirudi jikoni.

Kuchapa kwenye karatasi ndiko kunakowashika watoto zaidi, kwa kuwa kunafanyika chini ya taa nyekundu na wanaona. Karatasi iliyopigwa mwanga kupitia negativu huzamishwa kwenye trei ya developa ikiwa nyeupe tupu. Trei hutikiswa taratibu. Baada ya sekunde kadhaa huanza nywele, kisha nyusi na pindo la nguo, halafu vivuli vyepesi vya shavu. Mtoto hujifunza kutoitoa mapema kwa furaha wala kuiacha mpaka ikolee kupita kiasi.

Maneno baada ya picha

Picha zilizotoka zinahitaji kuzungumzwa. Mmarekani Wendy Ewald alianza miaka ya 1970 kuwapa kamera watoto wa shule za milimani Kentucky, akawafundisha kupiga na kusafisha, kisha wakaeleza picha zao kwa maneno yao. Kutokana na kazi hiyo ulizaliwa mpango wa Literacy Through Photography wa Chuo Kikuu cha Duke, unaojengwa juu ya mada nne: mimi mwenyewe, familia yangu, jamii yangu na ndoto zangu. Mpango huo baadaye uliwafikia walimu wa shule za msingi mkoani Arusha, Tanzania. Mtoto anayekwama mbele ya ukurasa mtupu huwa na la kuandika akiwa na picha yake mbele yake: nani yumo, nini kimeachwa nje ya fremu, na nini kilitokea kabla ya kubonyeza.

Nairobi ina ushahidi mzito zaidi. Mwaka 1997 mpiga picha Lana Wong, pamoja na Francis Kimanzi wa chama cha michezo ya vijana cha MYSA, walianzisha mradi wa Shootback katika mtaa wa Mathare. Vijana 31 wa miaka 12 hadi 17 walipewa kamera za plastiki za bei nafuu, wakapiga picha za maisha yao na kuandika juu yake, na kazi zao zikachapwa kitabuni. Mtaa ambao kwa kawaida hupigwa picha na wageni ulionekana kwa macho ya wanaoishi humo. Mmoja wa vijana hao, Julius Mwelu, alikuja kuwa mpiga picha wa kulipwa, na akaanzisha taasisi inayofundisha upigaji picha watoto wa Mathare hiyo hiyo.

Kutunza na kugawana gharama

Negativu hukatwa vipande vya picha tano au sita, huwekwa kwenye mifuko ya karatasi au plastiki ya kazi hiyo, na kuhifadhiwa mahali pakavu pasipo joto, kwa sababu unyevu wa pwani huleta ukungu. Mkanda ambao haujatumika hukaa kwenye friji ndani ya kikopo chake, na hutolewa mapema ili upoteze ubaridi kabla ya kufunguliwa. Nyuma ya kila picha mtoto huandika kwa penseli laini jina la aliyemo, mahali na tarehe. Albamu nyingi za familia zina nyuso ambazo hakuna aliye hai anayezitambua, kwa sababu hakuna aliyeandika.

Gharama ya mkanda ni halisi, na jibu lake ni kushirikiana. Klabu ya shule yenye watoto 12 inaweza kutumia kamera moja na mkanda mmoja wa picha 36: kila mtoto ana picha 3, na kamera huzunguka wiki nzima. Picha hizo tatu hupangwa kwa mazungumzo kabla ya kupigwa, na zikisafishwa hutundikwa ukutani darasani na maelezo yake chini, wazazi waalikwe kuzitazama na wahusika wapewe nakala zao. Mtoto akishafika hapo amepitia kazi nzima ya mpiga picha, kuanzia mwanga uliopita kwenye tundu la sindano hadi picha iliyoandikwa jina, na mkanda wake wa pili anaweza kuuanza bila kushikwa mkono.